Barua ya chama

Wiki ya test hii lakini ngoja niandike, nisije nikasahau.

Sisi tunalia na pointi tu. Chuo chetu kilianza 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, tena si huku Mlimani, ni jengo la TANU pale Lumumba. Huku walihamia 1964. Mambo yakaja kubadilika Novemba 1974, Azimio la Musoma: ukimaliza form six hakuna kuunga chuo. JKT kwanza, halafu kazi angalau miaka 2, halafu barua ya mwajiri na ya chama kwamba tabia yako safi. Division one yako kama huna barua, kaa nayo.

Naelewa lilikotoka. 1966 wanafunzi karibu 400 walifukuzwa kwa kuandamana kupinga JKT, Mwalimu alitaka wasomi wanaojua jasho. Sawa. Ila wasichana chuoni wakapungua. Binti wa miaka 20 yuko kazini, jamani, mnajua wenyewe: posa hizo, mtoto huyo. 1976 wanawake wakaondolewa sharti la kazi.

Bibi yangu alimaliza form six 1974. JKT 1975. Sharti linaondolewa, yeye anafundisha shule ya msingi, mama yangu yuko mgongoni. Hakuomba tena.

Nilipochaguliwa kusoma Ualimu hapa nikampigia. Aliniuliza swali moja tu:

"Mjukuu wangu, barua alikuandikia nani?"

Nikamwambia, bibi, siku hizi tunaomba kwa simu. Akanyamaza.