Weupe wa Kariandusi

Ukitoka Njoro kwenda Nairobi, ukishaipita Nakuru na Ziwa Elementaita likabaki mkono wa kulia, upande wa pili wa barabara, mahali paitwapo Kariandusi, kuna machimbo ya mwamba mweupe, mwepesi, unaopukutika mkononi. Wapita njia wengi hudhani ni chokaa. Ni dayatomiti: maganda ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, uliokufa na kuzama tabaka juu ya tabaka. Ukiuteka unga wake kiganjani, umeshika visukuku vitupu. Viwandani hutumika kuchujia vinywaji.

Wala maganda hayo si ya baharini: bahari haikufika huku. Mwenye kutaka masalia yake aende Mombasa, kwenye mawe ya matumbawe. Mwamba huu ni kazi ya ziwa.

Mwaka 1928 msafara wa mwanaakiolojia Louis Leakey ulikuta Kariandusi mashoka ya mawe, mengine ya lava, mengine ya obsidiani inayong'aa kama chupa nyeusi. Leo umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Leakey alisoma katika tabaka za Bonde la Ufa vipindi vikuu vya mvua, akavioanisha na enzi za barafu za Ulaya. Kimojawapo alikiita Gamblian, kwa pango lililokuwa katika shamba la mzungu Gamble, karibu na Elementaita. Wanafunzi wa historia ya kale Afrika nzima wakakariri mpangilio huo, hadi miaka ya 1950 wanajiolojia walipoutilia shaka, kisha ukaachwa. Kumbe ardhi ya bonde hili yenyewe haitulii: hupasuka, hushuka, volkano huziba njia za maji, na ziwa hupanda au kukauka bila kungoja barafu ya mtu. Mawe hayakudanganya, aliyeyasoma ndiye aliyekuwa na haraka.

Mvua nazo zilikuwa na sehemu yao. Yapata miaka 9,000 iliyopita, maziwa ya Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja, lenye kina cha karibu mita 180. Lilikuwa limeshanywea zamani wakati wafugaji walipoanza kuchoma na kuzika wafu wao katika pango la kando ya Mto Njoro, miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Mary Leakey, mke wa Louis, alilichimba mwaka 1938, akakuta shanga na bakuli za mawe. Mto huohuo, ushukao kutoka milima ya Mau, ungali unalilisha Ziwa Nakuru, ambalo tangu mwaka 2010 hivi limepanda tena na kumeza lango kuu la mbuga iliyolizunguka.