Njia ya Kwenda Bagamoyo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za Bagamoyo, mji wa kale ulioko pwani, na habari za njia iendayo huko kutoka ziwani kwetu. Labda mtu wa Nansio atauliza, "Bagamoyo yanihusu nini? Mimi ni mvuvi na mkulima wa mihogo. Mji ule ni wa Waswahili, na Waarabu, na Wadachi." Twamwomba asitege mgongo bali atege sikio, mwisho wa mazungumzo tutamjibu.

Kwanza tuseme habari za safari yenyewe. Sisi walimu wa chuo, pamoja na wanafunzi wetu, tuliondoka Nansio asubuhi kwa meli tukavuka hata Mwanza, na huko tukapanda gari la moshi. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Hupita Shinyanga, nayo huungana pale Tabora na ile reli ya kati ambayo Wadachi, yaani Wajerumani, waliijenga kutoka Dar es Salaam, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwendo wote kutoka Mwanza hata Dar es Salaam wapita kilomita 1,200. Tulilala na kuamka garini, kisha Dar es Salaam tukapanda basi kuelekea kaskazini, kiasi cha kilomita 70, hata tukaiona minazi ya Bagamoyo. Wanafunzi wakaanza kunung'unika kwamba migongo yawauma kwa kuketi.

Tukawaambia, "Ninyi mmeumia kwa kuketi. Je, wale waliopita njia hii kwa miguu?" Tukawapa mfano. Tarehe 17 Novemba 1874 Bwana Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wake, akafika Kageyi, pwani ya ziwa inayotazamana na Ukerewe, tarehe 27 Februari 1875. Hesabu siku hizo, zapita mia moja. Naye alikuja na mashua, Lady Alice, iliyokatwa vipande. Mashua hiyo haikuletwa na maji wala na punda. Ililetwa na mabega ya watu. Ilipokwisha kuungwa ndipo Stanley akalizunguka ziwa, na vitabu vikamsifu.

Lakini Stanley hakuwa wa kwanza katika njia ile. Njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa na Wanyamwezi na Wasukuma, waliochukua pembe za ndovu kupeleka pwani na kurudi na nguo za amerikani na kaniki, na ushanga, na masango ya shaba. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, nao wakaona fahari kuitwa wapagazi. Baada ya mavuno walijikusanya, kirangozi akatangulia mbele, na msafara ukafuata mmoja mmoja kama siafu. Mzigo wa mtu ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, na juu yake aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake. Njiani waliivuka nyika ya Mgunda Mkali isiyo na maji, wakatozwa hongo Ugogo, wakapatwa na njaa na ndui. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 waliofika Bagamoyo walikuwa makumi ya maelfu kila mwaka.

Watu wa visiwa vyetu nao hawakuwa mbali na biashara hiyo. Stanley alipofika alisikia habari za Songoro, mfanya biashara wa pwani aliyekuwa akiunda jahazi Ukerewe, katika nchi ya Mtemi Lukonge. Basi pembe iliyotoka ziwani ilikuwa na njia yake, na njia hiyo mwisho wake ni baharini.

Sasa tuingie mjini. Bagamoyo ni mji mtulivu, wenye milango ya kuchongwa na nyumba za mawe ambazo nyingine zimebomoka. Kusini yake yako magofu ya Kaole, pamoja na msikiti wa kale, yatuonyeshayo kwamba watu wa pwani walijenga kwa mawe karne nyingi kabla ya Mdachi. Ipo misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, nao walipokea watumwa waliokombolewa. Ipo boma ya Wadachi, walioufanya mji huu makao makuu yao hata mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam yenye bandari ya kina. Reli ilipoanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905, misafara ikapungua, na Bagamoyo ikabaki na kumbukumbu zake.

Katika misheni tulikumbuka habari ya Februari 1874, wakati maiti ya Dakta Livingstone ilipoletwa hapa. Chuma na Susi na wenzao waliichukua kutoka katikati ya Afrika, mwendo wa miezi mingi, kisha ikapelekwa Unguja na Uingereza. Majina ya Chuma na Susi twayajua. Lakini twayajua kwa sababu mzigo wao ulikuwa mtu mashuhuri.

Tulizuru makaburi pia. Tuliona majina ya wamisionari, tukaona na majina ya Wadachi, yamechorwa katika mawe. Kisha mwanafunzi mmoja, mtoto wa Ukerewe, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, makaburi ya wapagazi yako wapi?" Tulitazamana. Hatukuwa tumeona hata moja lenye jina. Alituambia kwamba kwao wazee husimulia habari za babu mmoja wa ukoo aliyekwenda pwani na pembe asirudi, na mama yake alimweka chakula jioni kwa muda mrefu.

Watu husema jina la mji latokana na maneno "bwaga moyo". Wengine husema ni neno la mpagazi: nimefika, natua mzigo, moyo wangu upumzike. Wengine husema ni neno la mtumwa: hapa naacha moyo wangu, kwa maana mbele ni bahari. Hatuoni haja ya kuwagombanisha. Katika mji ule walikuwako wote wawili, na pengine walipishana katika njia moja.

Basi, ndugu yetu wa Nansio, jibu letu ni hili. Bagamoyo ni yako, kwa kuwa utajiri uliozijenga nyumba zile ulifika kwa mabega ya watu wa bara. Jiwe hukumbuka jina la aliyechukuliwa, lakini humsahau aliyechukua. Ikiwa waweza kwenda, nenda ukaone. Ikiwa huwezi, ipo kazi moja isiyotaka nauli: chukua daftari na kalamu, uketi na mzee wa ukoo wako, umwulize ni nani kwenu aliyekwenda pwani, alichukua nini, na kama alirudi. Andika jina lake vizuri.