Kiti Kwanza au Karatasi Kwanza?

Mwaka 1977 Italia ilipitisha Sheria namba 517, ikafuta madarasa maalumu katika elimu ya msingi. Tangu hapo mtoto mwenye ulemavu huandikishwa shule ya kawaida pamoja na wenzake, na mwalimu wa msaada huongezwa. Kisheria mwalimu huyo ni wa darasa zima, kwa hiyo mtoto hana sababu ya kutolewa nje akafundishwe peke yake. Kasoro zipo: wengi wa walimu hao hawana ajira ya kudumu, wengine hawajasomea elimu maalumu, na mwaka wa masomo huweza kuanza na mwalimu asiyemjua mtoto kabisa. Lakini kiti kipo. Kinachobishaniwa ni mtoto asaidiweje, si kama aingie.

Uingereza imeanzia kwenye upimaji. Kwa sheria ya 2014, mtoto mwenye mahitaji makubwa huandaliwa mpango wa elimu, afya na huduma, na shule atakayosoma hutajwa humo. Halmashauri inatakiwa kuukamilisha ndani ya wiki 20. Mwaka 2023 takriban nusu tu ya mipango mipya ilitoka kwa wakati. Mzazi asiyeridhika hukata rufaa, na katika rufaa zinazofikia hukumu wazazi hushinda karibu zote. Wapo wanaosema huo ni ushahidi kwamba haki inatendeka. Mimi naona kinyume. Mzazi akishinda karibu kila mara, maana yake mtoto alinyimwa haki tangu mwanzo, akapoteza miezi ya masomo bure. Na mama anayefanya usafi maofisini usiku atapata wapi muda wa kukusanya ripoti za wataalamu?

Kwetu Afrika Mashariki walioanza ni wamisionari: shule ya wasioona Thika mwaka 1946, Buigiri mkoani Dodoma 1950, ya viziwi Tabora 1963. Shule hizi ziliwapa watoto nukta nundu na elimu wakati ambapo wengi walifichwa majumbani, na zinastahili heshima. Ila shule za aina hii ni chache, na mzazi aliye mbali hulazimika kuchagua: ampeleke bwenini mtoto wa miaka saba, au akae naye nyumbani. Kenya imekuwa na vituo vya upimaji tangu 1984, vinavyomwelekeza mzazi shule inayofaa. Akishaelekezwa, safari ndefu inabaki palepale.

Ipo pia njia ya kuwachanganya watoto, kama ifanyavyo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam. Njia hiyo haitaki mzaha. Mtoto asiyeona anahitaji mashine ya nukta nundu yenye vibonye sita, karatasi nene, vitabu vya nukta, na mwalimu anayezisoma. Akikosekana huyo wa mwisho, kazi ya mtoto haisahihishwi, naye humaliza muhula bila kujua alikosea wapi.

Kwa mtoto kiziwi siwafuati Waitalia moja kwa moja. Ukimweka peke yake kati ya wenzake arobaini wanaosikia, amepata dawati bila lugha. Italia yenyewe iliitambua rasmi lugha yake ya alama mwaka 2021 tu, miaka 44 baada ya kufuta madarasa maalumu. Shule ya Tabora ibaki, na iongezewe nguvu.

Kwa bahati njema, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 imekwishaliona hili. Inaelekeza kila mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale mahitaji maalumu ya mawasiliano yanapodai vinginevyo, na apewe msaada wa mwalimu mwenye sifa. Basi mwalimu mkuu, mzazi akifika Januari na mtoto wake, mwandikishe siku hiyohiyo. Upimaji ufuate akiwa tayari darasani. Nanyi madiwani, mnapopitisha bajeti, ulizeni kata yenu ina walimu wangapi wa elimu maalumu, na msiridhike na jibu la sifuri.