Kutoka Pareto Hadi HELB: Safari ya Karo Gusii

Kabla ya mkopo wa serikali, karo ya Gusii ilichumwa shambani. Kutoka Sironga, huko Nyamira, hadi vilima vya mbali, pareto ndiyo iliyosomesha watoto. Maua yake meupe yalichumwa moja moja, yakaanikwa juani, kisha yakapelekwa kwenye chama cha ushirika. Malipo yakichelewa, ng'ombe aliuzwa au ukoo ukaitisha harambee. Hilo nalo lilikuwa deni, ila la watu wanaojuana: aliyesomeshwa alijua wadogo zake wanamsubiri.

Mikopo ya serikali ilianza mwaka 1952, kwa wachache waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 ukaja mpango mpana zaidi, uliowahudumia Wakenya waliokuwa Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Kwa jina ulikuwa mkopo. Kwa vitendo ulikuwa zawadi, kwani hapakuwa na sheria madhubuti ya kuudai. Mwanafunzi alipokea bumu, yaani pesa za matumizi, sehemu yake akaituma nyumbani, na akihitimu kazi ya serikali ilikuwa ikimngoja. Wengi hawakulipa. Baadhi yao ndio hao leo wanaowaambia vijana kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Mwaka 1991 mambo yakageuka. Serikali, ikibanwa na wafadhili, ilitaka wanafunzi wachangie gharama, na vyuo vikachafuka kwa migomo. Julai 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, nayo ikapewa sheria: mwajiri sharti akate mshahara. Riba ni asilimia 4. Ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja wa kupumua. Baada ya hapo, asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Piga hesabu: ni 60,000 kwa mwaka, sawa na mkopo wa juu kabisa ambao mwanafunzi wa shahada alipewa kwa mwaka mzima kabla ya mageuzi ya 2023.

Wakati huohuo pareto ilikuwa inakufa. Bodi yake ilishindwa kuwalipa wakulima, nao wakang'oa pareto yao. Chai imebaki, lakini bonasi kwa kawaida huja vyuo vikiwa vimeshafunguliwa. Pengo hilo huzibwa kwa mikopo ya simu, ambayo haingoji mtu ahitimu.

Chuo Kikuu cha Kisii kilipopata hati yake Februari 2013, umbali ulipungua, deni halikupungua. Mfumo mpya wa ufadhili wa Mei 2023 uliwapanga wanafunzi kwa makundi ya uhitaji, na wazazi wengi wakalalamika kwamba wamewekwa wasikostahili. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa.

Anayeumia zaidi ni aliyekwisha kuhitimu na hana ajira. Akitaka kazi ya umma huambiwa alete cheti cha HELB, pamoja na hati za ushuru, za polisi, za tume ya maadili na za rekodi ya mikopo. Ndiyo maana mwenye shahada ya ualimu huonekana stejini akitafuta abiria wa bodaboda: anachanga pesa za kupunguza deni, apate cheti, aombe kazi aliyokopa kuisomea.