Sehemu (hisabati)

Sehemu katika hisabati ni namba inayoonyesha ni mafungu mangapi yamechukuliwa kutoka kitu kizima kilichogawanywa sawasawa. Huandikwa kwa namba mbili: ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Katika 3/4, kizima kimegawanywa mafungu 4 na yamechukuliwa 3. Kiasi kikiwa kidogo kuliko asili, sehemu haifiki kizima. Vikilingana, kama 4/4, ni 1 kamili. Kiasi kikizidi, kama 5/4, ni kizima kimoja na robo.

Majina nusu, thuluthi (1/3), robo na thumni (1/8) yametoka katika Kiarabu. Sumni, jina la sarafu ya senti 50, linatokana na thumni, ingawa senti 50 ni nusu ya shilingi. Sehemu haina maana mpaka ijulikane ni ya kizima kipi.

Mfano wa karati

Katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa Tanzania mwaka 2019, yakiwemo ya Geita na Kahama, bei ya dhahabu hufuata uzito pamoja na usafi wake. Usafi hutajwa kwa karati, na karati ni sehemu ambayo asili yake daima ni 24. Karati 24 ni 24/24, yaani dhahabu tupu. Kwa hiyo karati 25 haiwezekani. Karati 18 ni 18/24, sawa na 3/4. Robo iliyobaki ni metali nyingine, kama fedha au shaba.

Karati 21 ni 7/8 na karati 20 ni 5/6. Ipi kubwa? Wanafunzi wengi hudhani asili kubwa huleta sehemu kubwa, kumbe mafungu yakiongezeka kila fungu hupungua. Tazama kinachokosekana ili kufikia kizima: 1/8 ni ndogo kuliko 1/6, kwa hiyo 7/8 ndiyo kubwa. Tofauti yao ni 1/24. Katika donge la gramu 20 hiyo ni takriban gramu 0.83 za dhahabu, hasara ya muuzaji ikiwa karati 21 itasomwa kuwa 20.

Kugawana kizima

Sehemu zote za kizima kimoja zikijumlishwa lazima zilete 1. Tuseme wenye duara wameahidi kwa mdomo nusu ya mifuko ya mawe kwa wachimbaji, thuluthi kwa mwenye leseni na robo kwa aliyetoa mtaji. Kila ahadi peke yake ni ndogo kuliko kizima, lakini 6/12 + 4/12 + 3/12 = 13/12. Ikitoka mifuko 24, wachimbaji watadai 12, mwenye leseni 8 na mwenye mtaji 6, jumla 26. Mifuko 2 haipo, hata kama hakuna aliyeiba. Wakikubali kugawa kwa uwiano huohuo, asili inakuwa 13, na mafao yao ni 6/13, 4/13 na 3/13.