Goti la Pembe, Goti la Chuma

Hapa Kola nimeulizwa mara nyingi: "Sista, nyanya amebadilishwa goti majuzi tu, mbona daktari anamwambia atembee? Si apumzike kwanza?"

Swali hilo lina historia. Mwaka wa 1890 huko Berlin, Ujerumani, daktari Themistocles Gluck aliwawekea wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa magoti yaliyochongwa kwa pembe za ndovu. Ndiyo, pembe, bidhaa ile ile ambayo babu zetu Wakamba waliibeba hadi Mombasa katika karne hiyo. Magoti hayo yalitunga usaha, kwani dawa ya kifua kikuu haikuwepo bado. Ni katika miaka ya 1970 ambapo goti la kudumu lilipatikana: chuma kinachofunika ncha ya mfupa wa paja, na plastiki ngumu juu ya mfupa wa muundi.

Hata hivyo, zamani mgonjwa alilazwa siku nyingi bila kuinuka. Goti likakakamaa, damu ikaganda miguuni. Miaka hiyo hiyo ya 1970, daktari Robert Salter wa Toronto, Kanada, alionyesha kwa kuchunguza sungura kwamba kiungo kinachosogezwa hupona vizuri kuliko kilichofungwa. Leo mgonjwa huinuliwa siku ile ile ya upasuaji au kesho yake.

Kwa hivyo, wewe mkaza mwana unayempelekea nyanya kila kitu kitandani, najua ni heshima, lakini mwache ajiendee mezani na magongo yake. Akunje na kunyoosha goti mara kadhaa kila siku, hata likiuma kiasi. Dawa ya maumivu ameze kabla ya mazoezi. Milima yetu ingoje. Aanze uani, mahali tambarare.

Shida kubwa ni choo cha shimo. Kuchuchumaa hataweza. Mwombe fundi atoboe kiti imara cha mbao, kiwekwe juu ya tundu, na mti wa kushikilia ukutani. Kazi hiyo ifanywe kabla hajarudi nyumbani.

Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au nyuma ya mguu chini ya goti kukivimba na kuuma, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akishikwa na pumzi au maumivu ya kifua, tafuteni gari mara moja, hata kama ni usiku.

Juma lijalo tutazungumzia shinikizo la damu. Kwaheri.