Kutoka Greyhawk hadi simu za Bangwe: safari ya gemu za mapangoni na nyongeza zake

Siku za mbalamwezi Bangwe, mjini Kigoma, huwa na watu wengi nchi kavu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani kwa mwanga wa taa, na mwezi ukishapevuka mitumbwi hutulia ufukweni mpaka ufifie. Vijana hupata usiku mzima wa kukaa barazani na simu mkononi. Wengi hucheza mpira. Ila wapo wapenzi wa aina nyingine ya gemu: shujaa anashuka pangoni levo kwa levo, anaua mazimwi, anaokota panga bora kuliko alilonalo, anashuka tena. Akifika mwisho, na mara nyingine hata kabla ya mwisho, kioo kinamwarifu kwamba mbele kuna nchi nyingine yenye mashetani wapya, na bei ya kuingia huko imeandikwa kwa dola.

Bei hiyo ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Asili yake ni Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ambao nao umekaa kando ya ziwa, ingawa ziwa lenyewe ukililinganisha na letu ni kama dimbwi. Mwaka 1974 kampuni ya TSR ilitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Haukuhitaji kioo wala umeme. Vilikuwa vitabu vitatu vyembamba ndani ya sanduku la dola 10, na nakala 1,000 za mwanzo zilipangwa kwa mikono. Ukishapata dadu na penseli, mtu mmoja anawasimulia wenzake kilichomo pangoni, nao wanaamua wapigane au wakimbie.

Mwaka uliofuata tu, 1975, kilitoka kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk, nacho cha kununua, kikiwa na mazimwi mapya na wahusika wapya, akiwemo mwizi. Kabla mwaka huo haujaisha kikafuata Blackmoor. Kwa hiyo anayesema nyongeza za kulipia zimeletwa na tamaa ya kampuni za leo anakosea. Karibu zizaliwe pacha na mchezo wenyewe. Wazee wa Ujiji wanaweza kutucheka hapo, maana bao lina mashimo 32 na hakuna fundi aliyewahi kumuuzia mtu shimo la 33.

Kompyuta haikuchelewa kuingia pangoni. Mwaka huohuo wa 1975, katika mtandao wa masomo wa PLATO wa Chuo Kikuu cha Illinois, mwanaprogramu mmoja aliandika gemu ya mapango na kuipa jina pedit5, ili ifanane na faili la kawaida la masomo. Wasimamizi waliligundua, wakalifuta. Likarudi, wakalifuta tena. Mwaka 1980 ikaja Rogue, kazi ya Michael Toy na Glenn Wichman wa California. Ndani yake mchezaji ni alama ya @, zimwi ni herufi ya alfabeti, pango linapangwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa. Ukatili huo ndio uliowanasa watu.

Wafanyabiashara nao hawakulala. Temple of Apshai ya mwaka 1979 iliongezewa sehemu za kuuzwa peke yake mwaka 1981 na 1982. Wizardry ya pili, iliyotoka 1982, ilikwenda mbali zaidi: huwezi kuicheza bila mashujaa uliowakuza katika ile ya kwanza. Yaani ununue mara mbili.

Gemu iliyoisambaza aina hii duniani ni Diablo, iliyotoka mwishoni mwa 1996. Mbunifu wake, David Brevik, aliipa jina la mlima uliokuwa jirani na kwao California. Mpango wa kwanza ulikuwa mchezaji na zimwi wapokezane zamu, kama Rogue. Kampuni ya Blizzard ilisisitiza mambo yaende mbiombio, Brevik akakataa, mwishowe akajaribu, na gemu ikabadilika. Unabofya, zimwi linaanguka, dhahabu inamwagika. Chini ya kanisa la mji wa Tristram kuna levo 16, na ya mwisho ndimo anamokaa Diablo mwenyewe. Mwaka 1997 ikatoka nyongeza ya Hellfire, iliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Diablo II ikaja mwaka 2000, na 2001 ikafuata Lord of Destruction.

Hii ya mwisho naitaja kwa heshima. Iliiletea gemu sura ya tano nzima, wahusika wawili wapya na maneno ya uchawi ya kuunganisha kwenye silaha, na kuna watu mpaka leo hawaichezi Diablo II bila hiyo. Ukilipia nyongeza ya namna ile, umenunua kitu. Miaka mitano baadaye, Aprili 2006, kampuni ya Bethesda iliweka sokoni vazi la farasi katika gemu ya Oblivion kwa dola 2.50. Vazi tu, farasi ni yuleyule. Wachezaji walicheka na kukasirika, na wengine wakalipa. Tangu hapo kampuni zimejua kwamba hata urembo una mnunuzi.

Kigoma ilikuwa wapi wakati wote huo? Mbali, tena kwa namna iliyowasaidia wachezaji wake. Katika miaka ya 2000 gemu zilifika mikoani kwa sidii za kuchoma, na katika vibanda vya PlayStation pedi zilishikwa zaidi na wapenzi wa mpira. Mchomaji hakuwa na sababu ya kukutenganishia gemu na nyongeza yake, kwa hiyo aliyepata sidii iliyochakachuliwa alipata vyote. Ulikuwa wizi, tusiupambe, na wabunifu hawakuona hata senti. Lakini kwa mchezaji wa hapa nyongeza haikuwa na mlango wala bei. Tatizo lake lilikuwa umeme, kwani mji uliwashwa kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla gridi ya taifa haijaanza kuufikia mkoa. Umeme ukikatika katikati ya Diablo II, unarudi kuanzia kijijini na mazimwi uliyoyaua yamefufuka.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na intaneti ikaanza kusogea bara. Ungetegemea mambo yawe rahisi. Kwa gemu za mapangoni yalikuwa magumu zaidi. Diablo III ya mwaka 2012 ilimtaka mchezaji wa kompyuta awe mtandaoni muda wote, hata kama anacheza peke yake. Usiku wa uzinduzi seva zilielemewa, na watu wa Marekani na Ulaya wenyewe walikwama mlangoni. Mwenye kuhesabu bando kwa MB hakuwa kwenye hesabu za mtu yeyote. Diablo IV ya mwaka 2023 inataka makumi ya gigabaiti kabla hujaua zimwi la kwanza. Ile ya simu, Diablo Immortal ya 2022, inapakuliwa bure, kisha inakuomba hela kila kona.

Malipo nayo yana kisa chake. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo muuza dagaa ana pochi ya fedha kwenye simu. Maduka makubwa ya gemu yalijengwa kwa ajili ya mwenye kadi ya benki. Njia za kuunganisha viwili hivyo zimeongezeka, lakini bado kijana anaweza kuwa na pesa na asiweze kulipa.

Afrika Mashariki haikukaa kutazama. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Kiafrika. Yupo pia Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta, naye alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Katika gemu yake ya Salaam unamwongoza mkimbizi akimbie kuelekea kwenye amani, na ukimlipia chakula au maji, fedha imekusudiwa kumfikia mkimbizi wa kweli. Mkoani Kigoma, penye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wazo hilo halihitaji maelezo. Kwangu ndiyo nyongeza ya kulipia yenye akili kuliko zote nilizozitaja.

Basi wewe unayetaka kufungua nchi mpya usiku huu, kabla hujalipa angalia mambo matatu: kama gemu inachezeka bila mtandao, faili lina uzito gani, na kama unachouziwa ni sura mpya ya hadithi au ni vazi la farasi. La tatu likikupa jibu baya, hifadhi hela yako ya bando.